KITABU CHA KALKULASI: TUKIPIME KWA MIZANI YETU

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Ndugu msomaji, najua umefungua jarida hili ukitarajia shairi, kisa cha mapenzi yaliyovunjika, au malalamiko ya kila mwaka juu ya maharagwe. Yote hayo yamo katika kurasa nyingine. Hapa nataka tuzungumze juu ya kitabu cha hisabati, tena cha chuo kikuu. Tafadhali usifunue ukurasa kwa haraka! Kuna uamuzi utakaofanywa hapa shuleni kabla ya muhula kwisha, na utawagusa wengi wetu kuliko tunavyodhani.

Jambo lenyewe ni hili. Idara ya Hisabati imepata pesa kidogo za kununua au kuchapisha kitabu kimoja cha kalkulasi kwa ajili ya wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaotazamia kusomea uhandisi, uchumi, sayansi na mambo kama hayo. Vitabu vitatu vimewekwa mezani. Mwalimu wetu aliwachukua wanafunzi tisa, nami nikiwamo, akatusomesha kila Alhamisi baada ya michezo kwa muhula mzima, akitumia viwili kati ya vitabu hivyo kwa zamu. Sasa walimu wanatoa maoni yao. Nami, kwa heshima zote, natoa yangu, kwa sababu katika mashauri haya ya vitabu yule anayefundishwa huwa haulizwi.

Waama, hakuna kitabu kinachowafaa watu wote. Hivi vya chuo viliandikwa kwa wanafunzi wa nchi nyingine, na swali letu ni kama vinamfaa kijana aliyemaliza Kidato cha Nne hapa Kenya. Hapo ndipo penye shida ambayo watu hawaizungumzi. Silabasi yetu ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, hutupa kalkulasi katika Kidato cha Nne: mteremko wa mstari uliopinda, vilele na mabonde ya grafu, kasi ya kitu kinachokwenda, kisha eneo lililo chini ya grafu. Ni mambo mazuri. Lakini yote huishia kwenye polinomia, yaani vipeo vya x na namba. Sini haimo. Logi haimo. Funksheni iliyo ndani ya funksheni nyingine haimo.

Hapo zamani mwanafunzi alikuwa akienda Kidato cha Tano na cha Sita, na huko ndiko alikokutana na mambo hayo pole pole kwa miaka miwili. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita hapa Kenya ulifanywa mwaka 1989. Wenzetu wa Uganda na Tanzania bado wana vidato hivyo viwili. Sisi tunaruka. Kaka yangu aliruka. Alitoka hapa na A- ya hisabati, sote nyumbani tukachinja kuku, akaenda kusomea uhandisi. Wiki ya pili mhadhiri aliandika ubaoni derivativu ya sini kama mtu anayeandika tarehe, akaendelea na mengine. Ukumbi ulikuwa na mamia ya wanafunzi. Hakuna wa kumwuliza. Kaka alibaki na kitabu tu, na kitabu chenyewe hakikujua kwamba yeye alitoka Kenya.

Basi mizani yangu ni hii. Kwetu sisi, kitabu cha kwanza cha kalkulasi ya chuo kina kazi mbili. Sharti kifundishe kalkulasi, na sharti kifanye pia kazi ya vile vidato viwili tulivyonyang'anywa. Tena kifanye hivyo mikononi mwa mtu ambaye huenda hana mwalimu karibu. Kitabu kisichoweza hilo, hata kiwe na picha za rangi namna gani, hakitufai.

Nivitaje sasa vitabu vyenyewe.

Cha kwanza ni cha James Stewart, mwalimu wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Canada. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, na toleo baada ya toleo limefuata, hata baada ya mwenyewe kufariki mwaka 2014. Kina zaidi ya kurasa 1,000. Kilimletea utajiri hata akajenga nyumba ya fahari mjini Toronto, akaiita Integral House. Nyumba ya integrali, jamani! Wanaosema hisabati haina pesa waende wakaione.

Cha pili kilitolewa mwaka 2016 na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani. Waandishi wake wakuu ni Gilbert Strang, aliyefundisha MIT kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipostaafu mwaka 2023, na Edwin Herman. Kina juzuu tatu. La kwanza ndilo linalotuhusu. Hiki ni cha bure. Si bure ya kuiba, la! Leseni yake inaruhusu shule kukichapisha na kukigawa, mradi isikiuze kwa faida, iwataje waandishi, na ikikibadilisha igawe mabadiliko hayo kwa masharti yayo hayo.

Cha tatu ni kizee. Kiliandikwa mwaka 1910 na Mwingereza Silvanus Thompson, mwalimu wa fizikia katika chuo cha ufundi jijini London. Kinaitwa Calculus Made Easy. Mwanzoni hakutia hata jina lake. Thompson alifariki mwaka 1916, kwa hiyo haki za kunakili zilikwisha zamani, na kitabu kinapatikana bila malipo.

Sitavipima kwa jalada wala kwa dibaji. Nimevipima kwa jambo moja dogo ambalo vitabu viwili vya bure vinalifanya kila kimoja kwa njia yake: kumwonyesha mwanafunzi, kwa mara ya kwanza, derivativu ya x². Hapo ndipo mtu anapoelewa kalkulasi ni kitu gani, au anapoamua kukariri maisha yake yote.

Thompson anaanza na saa. Dakika ni kitu kidogo ukiilinganisha na saa. Sekunde ni kidogo ukiilinganisha na dakika, na ukiilinganisha na saa ni kidogo cha kidogo. Basi, anasema, kuna udogo wa daraja la kwanza na udogo wa daraja la pili, na ule wa pili unaweza kuachwa. Kisha anachora mraba, anaukuza kidogo, na kukuonyesha kilichoongezeka. Mwalimu wetu aligeuza mraba huo kuwa mkeka. Mkeka wa mraba, kila upande mita 3, yaani sentimita 300. Ongeza kila upande sentimita 1. Eneo linatoka 90,000 na kufika 90,601. Lile ongezeko la 601 linatoka wapi? Ni vipande viwili virefu vya ukingoni, kila kimoja 300, halafu kijipembe kimoja cha 1. Vipande viwili vyenye urefu wa upande: hiyo ndiyo 2x. Kijipembe ndicho kidogo cha kidogo.

Sote tisa tuliona. Hata yule mwenzetu ambaye hisabati na yeye ni paka na panya aliona. Ilichukua robo saa.

OpenStax inakwenda njia nyingine. Inachukua grafu ya x² na kuuliza mteremko wake pale x ilipo 3. Unachagua nukta nyingine karibu na hapo, unavuta mstari kupitia nukta hizo mbili, unapata mteremko wa mstari huo. Kisha unaisogeza ile nukta ya pili. Ukiiweka kwenye 3.1 unapata 6.1. Kwenye 3.01 unapata 6.01. Kwenye 3.001 unapata 6.001. Namba inakaribia 6, na kitabu kinaonyesha kwa aljebra kwa nini haiwezi kukaribia nyingine: x² - 9 ikigawanywa kwa x - 3 inakuwa x + 3. Kumbe majibu ni yale yale, maana 2x pale x ilipo 3 ni 6. Lakini mpaka ufike hapo umepita sura mbili nzima.

Kwa haraka haraka mtu atasema Thompson ameshinda. Nami Alhamisi ile ningesema hivyo. Lakini wiki iliyofuata mwenzetu mmoja, msichana mkimya asiyeuliza maswali kwa kupenda kusikika, aliinua mkono. "Mwalimu, kile kijipembe tulikitupa. Kama si sifuri, tumedanganya. Kama ni sifuri, basi na vile vipande virefu ni sifuri, kwa sababu upana wao ni huo huo. Tumegawanya sifuri kwa sifuri." Darasa likawa kimya. Mwalimu alicheka, akatuambia kwamba Askofu George Berkeley wa Ireland aliwauliza wanahisabati swali la namna hiyo mwaka 1734, na jibu lililotosheleza halikupatikana mpaka karne ya 19, kwa kazi ya Cauchy wa Ufaransa na Weierstrass wa Ujerumani. Jibu lao ndilo linaloitwa kikomo, na ndilo sura nzima ya pili ya OpenStax.

Thompson hana jibu la swali la msichana yule. Hajifichi, anakuambia waziwazi kwamba hataki kukusumbua na mambo hayo. Kwa mtu anayetaka kuonja, inatosha. Kwa mtu anayekwenda kuulizwa chuoni, haitoshi hata kidogo. Kwa hiyo naona kitabu cha Thompson ni mlango mzuri sana, lakini mtu halali mlangoni.

Hapa niseme neno juu ya lugha, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na tayari nawasikia wakiniuliza hisabati inatuhusu nini. Inatuhusu! Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, lakini majadiliano yetu ya Alhamisi yalikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilitusaidia mahali nisipotarajia. Neno la Kiingereza la kikomo huwafanya wengi wafikiri juu ya mpaka, kama ule wa kasi barabarani, kitu cha kukuzuia usipite. Mwenzetu mmoja alisema, "Hebu tuseme tu: namba inakaribia 6 bila kulazimika kufika." Maneno hayo, kukaribia bila kulazimika kufika, yalifanya kazi ambayo ukurasa mzima ulishindwa kuifanya. Na kwa derivativu tulisema "kasi ya badiliko papo hapo". Sidhani kuna mtu kati yetu tisa atakayesahau.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi, nalo ndilo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Sura ya kwanza ya OpenStax haina kalkulasi hata chembe. Ni marudio: funksheni ni nini, aina zake, sini na kosini, funksheni za kinyume, vipeo na logi. Mwalimu alituambia kwamba walimu wengi huiruka au huipitia kwa siku chache, kwa kuwa inahesabiwa ni mambo ya sekondari. Mmoja wa walimu wetu ametoa hoja hiyo hiyo: tusipoteze karatasi kuchapisha marudio. Mimi nasema kinyume chake. Kwetu sisi sura hiyo ya kwanza si marudio. Ndiyo Kidato cha Tano na cha Sita!

Nitoe mfano. Sisi pembe tunazipima kwa digrii. Radiani tumefundishwa, lakini ukimwamsha mwanafunzi wa hapa usiku wa manane umwulize pembe, atakujibu kwa digrii. Sasa, derivativu ya sini ni kosini. Imeandikwa hivyo kila mahali. Ukweli huo unategemea jambo moja: ukigawanya sini ya x kwa x, huku x ikikaribia sifuri, unakaribia 1. Mwalimu alitwambia tujaribu kwa kikokotoo, x iwe 0.001. Wawili wakapata 1. Saba wakapata 0.01745! Kelele zilizotoka pale zilimfanya mlinzi achungulie dirishani. Wale saba vikokotoo vyao vilikuwa kwenye digrii, na 0.01745 si kitu kingine ila pai kugawanywa kwa 180. Kwa hiyo kwa mtu wa digrii derivativu ya sini si kosini tu. Ni kosini mara hicho kijinamba cha ajabu, na kila hesabu inayofuata itakibeba kama mzigo. Radiani zilibuniwa zituondolee mzigo huo. Mambo ya radiani yanaelezwa katika sehemu ya tatu ya ile sura ya kwanza ambayo tunaambiwa tuiruke. Derivativu ya sini iko katika sehemu ya tano ya sura ya tatu. Aliyeruka ya kwanza atafika ya tatu bila viatu.

Mfano wa pili ni ile namba 2.718 na ushee, inayoandikwa kwa herufi e. Katika masomo yetu ya KCSE hatukutani nayo, ila kama kitufe kwenye kikokotoo. Chuoni iko kila mahali. Hapa vitabu vyote viwili vinastahili sifa, kwa kuwa vyote vinaileta kwa njia ya riba, kitu ambacho kila mtu anakijua. Thompson anachukua pauni 100, riba ya 10 kwa 100 kila mwaka, kwa miaka 10. Weka shilingi badala ya pauni. Ukilipwa riba bila kuiingiza ndani, baada ya miaka 10 una shilingi 200. Ukiiingiza kila mwaka nayo ikazaa, una shilingi 259 na senti 37. Ukiiingiza kila mwezi utapata zaidi kidogo, kila siku zaidi kidogo tena. Je, ukiiingiza kila nukta ya wakati, bila kupumzika? Utakuwa tajiri kupita kiasi? La. Unakaribia shilingi 271 na senti 83 wala huvuki. Ile 2.718 ndiyo hiyo. OpenStax inaeleza hayo hayo kwa jedwali, kikavu kidogo, lakini kwa usahihi. Thompson ana ucheshi zaidi. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Nilimsomea hesabu hiyo likizoni akaielewa kabla sijamaliza.

Mazoezi je? Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na hisabati bila mazoezi ni hadithi. Hapa OpenStax haina mpinzani kati ya vile viwili vya bure. Kila baada ya mfano uliofanywa kuna swali dogo la kujipima lenye dokezo, na jibu lake liko nyuma. Mwishoni mwa kila sehemu kuna maswali mengi, na yenye namba witiri yana majibu. Kwa mtu asiye na mwalimu hiyo ni neema. Kasoro mbili nimeziona. Kwanza, hayo majibu ya nyuma ni jibu la mwisho tu. Njia haionyeshwi, kwa hiyo ukikosea hujui ulipopotelea. Pili, kuna maswali yaliyowekewa alama kwamba yanahitaji mashine. Mengine kikokotoo cha kawaida kinatosha, lakini mengine yanataka kuchorewa grafu, na hapa kwetu simu haziruhusiwi na maabara ya kompyuta inafunguliwa kwa ratiba. Tunaweza kuyaacha. Yaliyobaki ni mengi kupita uwezo wa mtu mmoja kuyamaliza.

Nimesikia pia lawama kwamba mifano ya OpenStax ni ya kigeni. Ni kweli. Sura ya derivativu inafunguliwa na gari liitwalo Hennessey Venom GT lililofikia kasi ya maili 270.49 kwa saa mwaka 2014. Sura ya integrali inafunguliwa na mashua zinazosukumwa na upepo juu ya barafu. Jamani, ziwa lililoganda! Futi, maili na ratili zimejaa humo, na mtu aliyezoea mita anapoteza dakika kumi kabla hajaanza hesabu yenyewe. Lakini sioni kwamba hilo ni kosa la kukikataa kitabu. Ni kazi ya mwalimu na yetu sisi. Toa gari la Marekani, weka matatu. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Dereva akitumia saa mbili na nusu, wastani wake ni kilomita 64 kwa saa, na kwa wastani huo ni mtu mstaarabu kabisa. Lakini kidhibiti mwendo kilichowekwa kwenye matatu tangu sheria za mwaka 2004 hakijali wastani. Kinatazama kasi ya papo hapo isivuke 80. Wastani ni mstari unaopita nukta mbili za grafu. Kidhibiti kinatazama tanjenti. Sijaona mfano mzuri zaidi ya huo katika kitabu chochote, na hatukuutoa ng'ambo.

Vivyo hivyo, katika sura ya sita kuna bwawa la Hoover na nguvu ya maji yanayosukuma ukuta wake. Tunalo bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililozinduliwa mwaka 1981. Maji yanasukuma ukuta wa Masinga kwa sheria zile zile. Ngazi iliyoegemezwa ukutani, ambayo mguu wake unateleza, imo katika vitabu vyote viwili, na ngazi ni ngazi popote duniani.

Sasa Stewart. Nimemweka nyuma kwa makusudi, maana ndiye anayependwa na walimu wawili, na hoja yao nzito ni kwamba ndicho kitabu ambacho wengi watakikuta chuoni. Tulipewa nakala moja tuitazame. Sina ubaya nacho. Maelezo yake ni safi, picha zake zinasema, na mazoezi yake yamepangwa kutoka rahisi hadi magumu kwa namna ambayo OpenStax haijafikia. Kama shule ingekuwa na pesa za nakala 40, huenda nisingeandika makala haya. Lakini kwa pesa zilizopo tutapata nakala chache sana. Nakala hizo zitakaa kwenye kabati lenye kufuli, na mwanafunzi atakisoma kitabu kwa dakika 40 huku mwenzake akimpumulia shingoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tena tukisema tutatoa kopi za sura zake kimyakimya, huo ni wizi, nasi ni shule inayowafukuza watu kwa kunakili kazi ya mwenzao katika mtihani.

Ombi langu kwa Idara ni kwamba tusichapishe kitabu chote cha OpenStax, maana ni kinene na nusu yake hatutaifikia. Tuchapishe sura ya kwanza yote, bila kuondoa hata sehemu moja. Katika sura ya pili tuchukue sehemu nne za mwanzo, na ile ya tano yenye maana kamili ya kikomo, ile ya Weierstrass, tuiache ingoje chuoni. Sikatai kwamba ina thamani. Tuliijaribu Alhamisi mbili na waliotoka na kitu walikuwa watatu kati ya tisa. Kisha sura ya tatu yote, na kutoka sura ya nne zile sehemu za kasi zinazohusiana na za vilele na mabonde. Integrali zingoje. Atakayezijua derivativu barabara atazifuata integrali mwenyewe.

Na kabla ya kurasa hizo, mwanafunzi apewe zile sura chache za mwanzo za Thompson, azisome kitandani kama anavyosoma riwaya. Akifika kwenye swali la kile kijipembe, atajua mwenyewe kwa nini anahitaji kikomo, na sura ya pili haitamwonekea adhabu.

Kwa upande wetu sisi wa Chama cha Kiswahili, najitolea pamoja na wenzangu wawili kuandaa kurasa chache za kutia mbele ya kitabu: orodha ya istilahi na maelezo yake kwa Kiswahili cha kueleweka, mifano kumi ya kwetu badala ya ile ya barafu na futi, na njia kamili za majibu ya maswali ishirini ya mwanzo kwa wale watakaopotea. Leseni inaruhusu. Tumekwisha kuandika matatu, mkeka na riba. Anayetaka kusaidia, hasa wa Kidato cha Tatu ambao ndio watakaokitumia, atupate maktaba Alhamisi saa kumi na moja, meza ya karibu na dirisha. Kikokotoo chako kiwe kwenye radiani.